Saiba ndogo Kondele, Windows 10 imefika mwisho: je, Linux Mint itawafaa wateja wasiowahi kuiona?

Mwenye Saiba, Kondele:

Nawasalimu nyote. Ninaendesha saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu, yenye kompyuta sita za mezani aina ya Dell OptiPlex, zilizotumika Uingereza kabla ya kuletwa sokoni kwetu. Kila moja ina prosesa ya Intel Core i3 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 na diski ya kawaida ya GB 500, na zote zinatumia Windows 10. Kama mnavyojua, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zangu haziwezi kuhamia Windows 11 kwa njia inayokubalika, kwa sababu mfumo huo unadai prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu pamoja na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mapato ya saiba hayaruhusu kununua kompyuta sita nyingine kwa sasa. Hata hivyo, kuendelea kumkalisha mteja mbele ya mashine isiyolindwa huku akiandika nenosiri lake la eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) au la iTax (tovuti ya kodi) kunanisumbua kuliko gharama yenyewe.

Kazi zetu ni zile za saiba yoyote ya mtaani. Wahudumu wa bodaboda huja kushughulikia leseni, vijana huja kuomba cheti cha mwenendo mwema, wanafunzi huja wakati wa kuomba nafasi za vyuo (KUCCPS) na mikopo ya masomo (HELB), na karibu kila siku kuna mtu anayetaka kuandikiwa barua ya maombi ya kazi au kurekebishiwa wasifu aliokuja nao kwenye flashi. Tunachapisha kwa printa ya Epson ya matangi ya wino, na tuna mashine ya Kyocera ya fotokopi.

Nimesoma kwamba Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, inamfaa mtu anayeanza. Ninaloomba kujua ni kama inamfaa mtu anayeanza ambaye hana nia ya kujifunza chochote, yaani mteja aliyelipia dakika chache, aliyezoea kitufe cha kuanzia kilicho chini kushoto, na ambaye akiona kitu kigeni atainuka na kwenda saiba ya jirani. Vilevile ningependa kuambiwa bila kufichwa ni kazi zipi nitazipoteza nikihama.

Fundi wa Kompyuta, Kakamega:

Dada, nimeiweka Mint kwenye mashine za ofisi na za shule hapa Kakamega na vitongoji vyake, na jibu langu kuhusu mteja wako ni kwamba atakaa, atafungua kivinjari, na kazi yake itaendelea. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, dirisha linafungwa kwa alama ya msalaba kwenye kona ya juu kulia, na folda zinafunguliwa kwa kubofya mara mbili. Mteja wa saiba hashughuliki na mfumo endeshi. Anashughulika na ukurasa wa eCitizen, na ukurasa huo ni uleule kwenye Firefox au Chrome, iwe chini yake kuna Windows au Linux. Anayehitaji kujifunza ni wewe na mhudumu wako.

Ili ujue unachokiweka, ni vizuri kufahamu ukoo wake. Mint ilianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, na imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo uliotolewa mwaka 2004 na kampuni ya Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, nao Ubuntu umejengwa juu ya Debian, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 1993. Ukoo huu una faida kwako, kwa sababu tatizo lolote utakalolipata limekwisha kumpata mtumiaji mwingine wa Ubuntu au Debian, na suluhisho lake limeandikwa mahali fulani. Kuna mifumo mizuri isiyo na jamii kubwa nyuma yake, na mwanzoni hutaona tofauti. Utaiona siku printa itakapokataa.

Mint hutolewa kwa sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Zote zinafanya kazi zilezile, ila Xfce ndiyo nyepesi zaidi, na kwa RAM ya GB 4 ningeichagua hiyo bila kusita. Watengenezaji wenyewe wanasema GB 2 zinatosha kuendesha mfumo na GB 4 ndizo za kutumia kwa raha, lakini raha hiyo huisha upesi mteja anapofungua kurasa nyingi za kivinjari kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kufikiria mfumo, ninakuomba ufikirie diski. Ukibadilisha diski ya kawaida na kuweka SSD ndogo, yaani diski isiyozunguka, hata ya GB 120 tu, mashine ya kizazi cha nne itakuwa kompyuta nyingine kabisa, kwa sababu kinachoichelewesha kwa kawaida ni diski inayozunguka, si prosesa. Ukipata na RAM ya DDR3 iliyotumika ukazifikisha GB 8, hutahitaji kuzigusa tena kwa miaka kadhaa.

Usisakinishe chochote kwanza. Pakua faili ya Mint, ambayo inakaribia GB 3, kwa hiyo tumia intaneti ya saiba na si bando la simu, kisha iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Washa mashine ukibonyeza F12, ambacho ndicho kitufe cha Dell cha kuchagua mahali pa kuwakia, na uchague flashi. Mint itafunguka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Hapo ndipo ufanye majaribio: unganisha printa, skani kitambulisho, fungua wasifu wa mteja, ingia kwenye iTax. Itakuwa polepole kidogo kwa sababu inasomwa kutoka kwenye flashi, na hilo lisikukatishe tamaa. Kitu kisichofanya kazi hapo utakuwa umekijua kabla ya kufuta Windows.

Mwalimu wa Kompyuta, Njoro:

Ninakubaliana na Fundi kuhusu mteja na kivinjari, lakini ninaona amepita haraka mno juu ya jambo ambalo kwa saiba ndilo gumu kuliko yote, nalo ni nyaraka.

Wateja wako wanaleta faili za Word. Mint huja na LibreOffice, programu ya ofisi ya kuandikia barua na majedwali, ambayo ilijitenga na OpenOffice mwaka 2010, na ni programu nzuri ninayoifundishia hapa Njoro kila muhula. Inafungua faili za docx na kuzihifadhi. Tatizo ni kwamba mtu anapofungua wasifu uliopangwa kwenye Word, mara nyingine anakuta mistari imesukumana, jedwali limeingia ukurasa wa pili, na jina lake lililokuwa katikati limehamia pembeni. Mteja hatasema kwamba fonti imekosekana; atasema saiba hii imeharibu wasifu wangu, naye atakuwa na haki ya kulalamika kwa sababu amelipa.

Sababu kubwa ya mvurugo huo ni fonti. Word hutumia sana Calibri na Cambria, ambazo ni mali ya Microsoft na haziji na Linux. Mashine isipozipata huchukua fonti nyingine yenye herufi pana au nyembamba zaidi, na mstari mmoja ukiongezeka, ukurasa mzima unasogea. Dawa yake ipo na haina malipo. Kuna fonti ziitwazo Carlito na Caladea, zilizochorwa kwa makusudi ili kila herufi ichukue upana uleule wa Calibri na Cambria, na kuna Liberation Serif inayochukua nafasi ileile ya Times New Roman. Hakikisha Carlito na Caladea zimesakinishwa kwenye kila mashine, na utakuwa umeondoa sehemu kubwa ya malalamiko kabla hayajatokea. Arial na Times New Roman zenyewe zinaweza pia kusakinishwa kupitia kifurushi ambacho Microsoft iliruhusu kisambazwe miaka mingi iliyopita.

Baada ya fonti kuna mipangilio miwili. Wa kwanza ni kuiambia LibreOffice ihifadhi kila waraka kwa muundo wa docx na kila jedwali kwa muundo wa xlsx bila kuuliza, kwa kuwa muundo wake wa asili ni odt na ods, na mteja akipeleka odt kwa mwajiri asiyeijua, lawama itakurudia. Wa pili ni kubadili kiolesura chake kutoka kwenye menyu za zamani hadi kwenye mpangilio wa vichupo, unaofanana sana na utepe wa Word. Mipangilio yote miwili hufanywa mara moja, na kwa mteja tofauti yake ni kubwa.

Pamoja na hayo yote, waraka wenye masanduku ya maandishi, picha zilizoelea na mapambo ya kurasa bado unaweza kukushinda. Kwa nyaraka za aina hiyo mshauri mteja alete PDF kama anataka kuchapisha tu, au ufungue faili hiyo kwenye Word ya mtandaoni ya Microsoft kupitia kivinjari, ambayo haina malipo kwa mwenye akaunti na inatumika vizuri kwenye Linux.

Kuhusu mfumo wenyewe, ningependa uangalie pia Zorin OS, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Artyom na Kyrill Zorin, jijini Dublin. Nayo imejengwa juu ya Ubuntu, na ndugu hao wameweka bidii zaidi katika kuifanya ifanane na Windows, kiasi kwamba wanafunzi wangu wengine huitumia bila kuuliza ni nini. Ina toleo la bure na toleo la kulipia, na la bure linatosha. Hata hivyo, kwa RAM ya GB 4 nakubali kwamba Mint ya Xfce itakuwa nyepesi zaidi.

Mtumiaji wa Ubuntu, Bungoma:

Ninaongeza moja tu. Microsoft inatoa nyongeza ya masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watumiaji binafsi hadi Oktoba 2026, kwa hiyo kuna muda wa kuhama mashine moja baada ya nyingine. Sioni sababu ya kufunga saiba ili kubadilisha zote sita kwa siku moja.

Mwenye Saiba, Kondele:

Asanteni sana. Mwalimu, hilo la fonti sikulijua kabisa, na sasa ninaelewa kwa nini wasifu nilioufungua kwenye kompyuta ya rafiki yangu ulivurugika.

Nina maswali mengine yanayotokana na majibu yenu. Kwanza, kuna wateja wenye biashara ambao huleta marejesho ya kodi kwa faili ya Excel yenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, ile inayojikagua yenyewe kisha kutengeneza faili ya kupakia kwenye iTax. Pili, je, sheria inaniruhusu kutumia mfumo huu kwa biashara bila kulipa chochote? Sitaki kuepuka tatizo la leseni upande mmoja nikaliingia upande mwingine. Tatu, kila jioni nikizima mashine ninakuta skani za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hata barua za hospitali ambazo wateja wameziacha kwenye eneokazi, na kivinjari kimehifadhi maneno siri yao. Ninazifuta kwa mkono, lakini najua zipo ninazozisahau. Je, Mint inaweza kunisaidia katika hilo?

Mhasibu, Kisumu:

Dada, mimi ni jirani yako hapa mjini, na ninafanya kazi za kodi za wafanyabiashara wadogo, kwa hiyo nijibu la kwanza na la pili.

Marejesho ya mwajiriwa asiye na kipato kingine, pamoja na marejesho ya asiye na kipato kabisa, hujazwa moja kwa moja kwenye kurasa za iTax, na kwa hayo Linux haina kizuizi. Faili za Excel zenye makro ni suala jingine. Makro hizo zimeandikwa kwa ajili ya Excel ya Microsoft, na ingawa LibreOffice inaelewa sehemu ya lugha hiyo, mimi singethubutu kuitegemea katika kazi ambayo mteja akichelewa au akikosea anatozwa faini. Ushauri wangu ni kwamba ubakishe mashine moja ya Windows, iliyo halali, iliyo kwenye meza yako na si ya kukaliwa na wateja, na kazi zote za makro zifanyiwe hapo. Ikiwa mmoja wa wateja wako anatunza hesabu kwa QuickBooks ya kusakinishwa au anahitaji Photoshop, mashine hiyohiyo ndiyo itakayomhudumia, kwa sababu programu hizo hazina toleo la Linux. Hizi ndizo kazi utakazozipoteza kwenye mashine nyingine tano, na ni afadhali uzitaje kwa wateja mapema.

Kuhusu sheria, usiwe na wasiwasi wowote. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, imetolewa tangu mwaka 1992 chini ya leseni ya GPL, ambayo inatokana na mradi wa programu huria wa GNU uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kuitumia programu kwa kazi yoyote, ikiwemo biashara, kuinakili, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Unaweza kuiweka kwenye mashine sita au sitini, na unaweza kumpa mteja nakala yake kwenye flashi. Mint yenyewe huendeshwa kwa michango na wafadhili, na ikiwa saiba itaanza kukupa faida kupitia kwayo, mchango mdogo ni jambo jema ingawa si la lazima.

Ninalitaja hili kwa sababu ninawajua wafanyabiashara wengi wanaotumia Windows na Office zilizofunguliwa kwa programu za kuvunjia leseni. Programu hizo huendeshwa kwa mamlaka yote ya mashine, na mara nyingi ndizo zinazoingiza programu za kuiba maneno siri. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kushika maneno siri ya kodi ya watu wengine, hatari hiyo ni kubwa mno.

Fundi wa Kompyuta, Kakamega:

Ninalijibu swali la tatu, na kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote uliyouliza.

Mint ina kitu kinachoitwa kikao cha mgeni. Hakijawashwa tangu mwanzo, bali unakiwasha mwenyewe kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia. Ukikiwasha, mteja anaingia bila nenosiri, anapewa eneokazi jipya lisilo na kitu, anafanya kazi zake zote, na anapotoka, kila kitu alichokiacha kinafutwa: skani, barua, historia ya kivinjari, maneno siri, hata akaunti aliyosahau kuifunga. Mteja anayefuata anakuta eneokazi tupu. Mgeni hana uwezo wa kusakinisha programu wala kubadilisha mipangilio ya mashine, na hawezi kufungua folda zako binafsi ukiwa umezifunga ipasavyo. Nimeona saiba zikinunua programu maalumu za Windows ili kupata jambo hilihili. Ubuntu wa kawaida ulikuwa nacho zamani lakini uliacha, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kukupendekezea Mint.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu asikae nazo kupita muda unaohitajika kwa kazi aliyopewa. Nakala ya kitambulisho cha mtu aliyekuja mara moja kuchapisha ukurasa mmoja haina sababu ya kulala kwenye diski yako, na kwa kikao cha mgeni hailali.

Lakini kuna upande wa pili ambao lazima uujue kabla wateja hawajaujua kwa uchungu. Kwa kuwa kila kitu cha mgeni ni cha muda, stima ikipotea katikati ya kazi, kazi hiyo inapotea pia. Tunaishi Magharibi, na sina haja ya kueleza jinsi stima inavyopotea mvua inapoanza. Mfumo wenyewe hautaharibika kwa urahisi, maana faili zake hutunzwa kwa njia inayoweza kujirekebisha baada ya kuzimika ghafla, ila barua ambayo mteja ameiandika kwa saa nzima haitakuwepo. Kwa hiyo fanya mambo mawili. Mzoeshe mhudumu wako kumwambia kila mteja ahifadhi kazi kwenye flashi yake mapema, au ajitumie kwa barua pepe. Na kazi ndefu ambazo mhudumu mwenyewe anaziandika kwa niaba ya mteja zisifanywe kwenye kikao cha mgeni hata kidogo, bali kwenye akaunti ya mhudumu, kisha zifutwe mteja akishachukua kazi yake. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, kwenye mashine ya mhudumu ni matumizi mazuri ya fedha.

Kuhusu virusi vya flashi, vile vinavyoficha folda za mteja na kumwachia njia za mkato, havitaendeshwa kwenye Mint kwa sababu vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Utaziona folda halisi za mteja pamoja na faili ya virusi ikiwa imelala kando, na unaweza kuifuta. Usidhani kwamba flashi hiyo sasa ni safi kwa kila mtu, kwani ukiinakili faili hiyo kwenda kwenye flashi nyingine, itamdhuru mwenye Windows. Kwa mwenye saiba, kuweza kuona kilichofichwa na kumrudishia mteja nyaraka alizodhani zimepotea ni huduma ambayo watu watakushukuru kwayo.

Printa nazo hazitishi kama zamani. Mint inatumia mfumo wa uchapishaji uitwao CUPS, na printa nyingi za miaka ya karibuni hutambuliwa zenyewe kupitia waya au mtandao bila draiva ya kiwanda. Epson wanatoa draiva za Linux kwa printa zao nyingi za matangi, na Kyocera nao wana za kwao. Tofauti utakayoiona ni kwamba programu ya Epson ya kuonyesha kiasi cha wino na kusafisha kichwa cha printa huenda usiipate yote kwenye Linux, kwa hiyo kazi hizo utazifanya kwa vitufe vya printa yenyewe, au kutoka kwenye ile mashine ya Windows aliyoitaja Mhasibu. Skana ijaribu kwenye flashi kabla ya kusakinisha, maana skana hutofautiana sana kati ya modeli na modeli.

Mwalimu wa Kompyuta, Njoro:

Ninaunga mkono kikao cha mgeni kwa moyo wote, na ninaongeza kwamba ile mipangilio ya LibreOffice niliyoieleza juu haitaingia kwenye kikao cha mgeni yenyewe, kwa sababu kila mgeni huanza upya na mipangilio ya asili. Fonti hazina shida, maana zinasakinishwa kwa mashine nzima. Mipangilio ya kuhifadhi kwa docx na ya vichupo inahitaji iwekwe kwenye folda ya kiolezo ambayo mfumo humnakilia mgeni anapoingia. Fundi atakuonyesha namna yake, na ukiiruka hatua hiyo utajikuta unaulizwa na wateja kwa nini barua zao zimehifadhiwa kwa odt.

Kwa wanaodhani programu hizi ni geni kabisa kwa lugha yetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice, liitwalo Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Wateja wengi wa Kondele watataka Kiingereza kwa sababu ndicho walichokizoea kwenye kompyuta, na mimi nisingewalazimisha vingine. Hata hivyo, uwezekano upo, na upo kwa sababu programu huria inamruhusu mtu yeyote kuitafsiri bila kuomba ruhusa kiwandani.

Mwenye Saiba, Kondele:

Nimewaelewa. Nitaanza na mashine moja ya wateja, nibakishe moja ya Windows kwenye meza yangu, na nitanunua SSD kwa awamu. Swali la mwisho: nipakue toleo lipi, na je, niweke Windows na Mint pamoja kwenye diski moja ili mteja achague?

Fundi wa Kompyuta, Kakamega:

Pakua Mint 22 ya Xfce, au toleo dogo la karibuni zaidi katika mfululizo huo wa 22. Mfululizo huo umejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na utapata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Mashine zako ni za biti 64, kwa hiyo hakuna shaka upande huo.

Usiweke mifumo miwili kwenye mashine ya wateja. Kwa mtu wa nyumbani anayejifunza ni jambo zuri, lakini kwenye saiba kila mteja atachagua Windows, ambayo ndiyo isiyolindwa, na utakuwa umejiongezea kazi bila kupata usalama uliokuwa unautafuta. Ukibadilisha diski, itoe ile ya zamani na uihifadhi kabatini jinsi ilivyo. Mambo yakienda kombo katika wiki za mwanzo unairudisha na mashine inawaka kama zamani. Kama hubadilishi diski, nakili kwanza kila kitu unachokihitaji kwenye diski ya nje, kwa sababu usakinishaji utafuta vyote.

Ukimaliza kusakinisha, fungua Timeshift, ambayo huja na Mint, uiagize itunze picha ya mfumo kila wiki, ili sasisho likileta tatizo urudi kwenye hali ya awali bila kuniita kutoka Kakamega. Kisha weka fonti za Mwalimu, unganisha printa, tengeneza kiolezo cha mgeni, na uwashe kikao cha mgeni mwisho kabisa, baada ya kila kitu kingine kukubali. Mashine hiyo moja ikitulia, nyingine zitafuata utaratibu uleule. Kuhusu ile Epson, andika hapa namba kamili ya modeli iliyoko nyuma yake kabla hujaanza, nami nitakuangalizia draiva inayoifaa.